Mississippi Imewaangusha Majirani

Ripoti ya elimu ikitoka Marekani, wakubwa wa jimbo la Alabama walikuwa na dua yao: Mungu ashukuriwe kwa Mississippi. Hata jimbo lako likiwa la 49, bado yupo jirani wa kukushikia mkia.

Sasa jirani kaharibu starehe. Mwaka 2013 Mississippi ilipitisha sheria: mtoto wa darasa la 3 asiyejua kusoma hapandi darasa. Walimu nao wakarudishwa mafunzoni, wakaanza upya na sauti za herufi, a na ba. Kwenye mtihani wa taifa wa 2024, watoto wake wa darasa la 4 wakaipita New York kwa kusoma. New York hiyohiyo inayotumia karibu dola 30,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka! (Utah hutumia kama theluthi ya hizo, na watoto wake nao huipita New York. Tusipige kelele, wahasibu watasikia.)

Waliozoea kujifariji wamepata pa kushika. Mara alama zimepanda kwa sababu wazito wa kusoma walibakizwa darasa la 3. Mara ngoja tuwaone darasa la 8, ambako kweli hawajang'ara vile. Wakiishiwa kabisa, hufungua jedwali la ubora wa maisha: umaskini, magonjwa, vifo vya mapema. Huko Mississippi ingali chini, na wao wanashusha pumzi. Bahati mbaya tu, siku hizi watoto wa Mississippi wanalisoma jedwali hilo wenyewe.