Sifa za Kufuli Lisilo na Shemeji

Mji wetu umeshasifiwa kwa sangara wake, kwa majabali yake na kwa upepo wa ziwa. Leo naomba nafasi nimsifu mtumishi ambaye hajapata kusifiwa: kufuli la diski, ambalo kwenye Windows huitwa BitLocker. Lipo kazini tangu 2007, lilipoingia na Windows Vista, na halijawahi kudai posho ya kikao.

Sifa yake kuu ni kwamba halipendelei. Hapa kwetu kila mlango una mtu wake. Unaulizwa umetumwa na nani, unamfahamu nani mle ndani, na ukitaja jina zito kiti kinapatikana. Kufuli la diski limeukataa utaratibu huo wote. Halina shemeji. Halinywi chai wala halipokei ya soda. Mlete mzee wa ukoo aape kwamba kompyuta ni ya mwanawe na risiti hii hapa. Litamtazama kwa uso wake wa bluu na kumwomba tarakimu 48. Arobaini na saba hazitoshi. Zimepangwa katika makundi manane ya sita sita, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja tu kundi zima linarudishwa, kama fomu isiyo na muhuri. Nimepiga hesabu, maana muda ulikuwepo: funguo zinazowezekana ni nyingi kiasi kwamba idadi yake yenyewe ina tarakimu 39. Tukiacha kazi sote mjini, mitaa ya Mwigobero, Nyasho na Kitaji, kila mmoja akajaribu ufunguo mmoja kwa sekunde usiku na mchana, jua litazimika tukiwa bado mwanzoni. Usawa ulioje! Mwizi na mwenye mali wamepewa nafasi ileile.

Sifa nyingine nazitaja harakaharaka. Linatunza umeme, kwa kuwa kompyuta isiyofunguka haina kazi ya kula chaji. Linakuza uhusiano mwema na mafundi. Na linatufundisha kuridhika na tulichonacho, hasa mtu akiwa na tamaa ya kuweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja.

Tamaa hiyo ilinipata mimi. Nilitaka Windows ibaki kwa ajili ya hesabu za kikundi chetu, na pembeni yake niweke Ubuntu, ambayo ni ya bure na haichoshi mashine iliyozeeka. Programu ya kusimika Ubuntu iliitazama diski, ikaona BitLocker, ikasimama kwa adabu na kunielekeza nirudi kwenye Windows nikalizime kwanza. Fundi wangu akasema hakuna haja, hayo ni maneno tu. Akaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, akazima ulinzi mmoja, akawasha upya. Uso wa bluu ukatokea. Ndani ya kompyuta kuna chipu iitwayo TPM, nayo hufanya kazi kama mlinzi wa geti aliyemkariri bosi wake kwa kofia: asubuhi bosi akija kichwa wazi, mlinzi anafunga geti na kuomba barua. Chipu hupima jinsi mashine inavyoamka, na kipimo kikibadilika haiutoi ufunguo. Ukibadilisha mpangilio ule, au wakati mwingine hata ukileta tu programu ya kuchagulia mfumo, kofia imevuliwa.

Sasa tarakimu 48 ziko wapi? Ziko kwenye akaunti ya Microsoft. Akaunti ni ya nani? Ya yule aliyeniuzia, kwa sababu siku ya kuuza aliona shida kuniuliza baruapepe yangu, akaingiza yake, akanikabidhi mashine "ikiwa tayari". Yeye sasa yuko Kinesi. Nikapanda kivuko pale mwaloni, nikavuka ghuba, nikampata. Neno la siri amesahau, na laini ya simu ambayo ingemrudishia akaunti ilizama ziwani pamoja na simu.

Hapo, ndugu msomaji, mashairi yaliniishia. Mimi sikulifunga hili kufuli! Hakuna aliyeniuliza. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, la Oktoba 2024, mtu akisimika upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski kwa kawaida hujifunga yenyewe kimyakimya, na ufunguo unapelekwa kwenye akaunti hiyo, ambako polisi wakija na amri halali ya mahakama kampuni inaweza kuwakabidhi. Agosti 2024 kampuni hiyohiyo ilitoa sasisho la usalama, ikasema halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu wengi waliamka wakakuta Linux haiwaki, na dawa ya kudumu ikatolewa Mei 2025.

Ila nitakuwa mnafiki nikiwalaumu wa Marekani peke yao. Picha za harusi yangu zilizomo kwenye diski ile zinalindwa kwa hesabu za kuzima jua, lakini kopi ya kitambulisho changu ipo kwenye kila ofisi niliyowahi kuingia, juu ya meza, chini ya chupa ya chai. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, karatasi imepanda cheo huku sokoni. Nimewahi kufungiwa vitumbua kwa fomu ya mkopo ya mama mmoja: jina, sahihi, namba ya simu, na namba ya kitambulisho cha NIDA yenye tarakimu zote 20, zikisomeka vizuri kabisa chini ya mafuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Siku nilipoenda kwenye ofisi moja kuomba kuona taarifa zangu mwenyewe, niliambiwa ni siri, niandike barua, niambatanishe kopi ya kitambulisho.

Fundi, unapomfungulia mteja akaunti tumia baruapepe yake, kisha zichape zile tarakimu 48 na umpe pamoja na risiti. Nawe uliye ofisini, fomu ulizomaliza nazo usizitume sokoni. Zichane.