Ndakala Wanangoja Mkanda

Gari letu lilianza kulia mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuifuata barabara. Kila tulipopita kwenye yale maji yenye mchanga hapa kwetu Kalundu, kando ya ziwa, injini ilipiga kelele kali, kisha ikanyamaza mkanda wa injini ulipokauka. Mume wangu alisema ni unyevu tu. Mama, yaani mama mkwe wangu, alikataa: kitu kinacholia kinaumia. Naye alisema kweli, maana mchanga hula mpira. Mkanda huanza kuteleza, ukapata joto, ukang'aa upande wa ndani, mwisho ukapasuka.

Ulikatika katika siku za giza. Watu wa ziwani wanajua uzito wa siku hizo: mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti samaki, giza likirudi ndipo ndakala, wale samaki wadogo, wanapofika alfajiri kwa mabeseni. Wangu nilikuwa nimekwisha kuwalipia. Tukiwapeleka sokoni, tulikuwa bado hatujafika mtaa wa Mulongwe taa nyekundu ya betri ilipowaka, na mshale wa joto ukafuata, kwa sababu katika Corolla yetu mkanda unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji pia. Mume wangu akazima injini palepale. Angeng'ang'ania hadi sokoni, leo tungekuwa na chuma kilichopinda. Namsifu kwa hilo.

Vijana walitusukuma hadi nyumbani. Mama akatandika turubai uani na kuwaanika ndakala wote ili wasioze, kwa hiyo ukarabati ukafanyika katikati ya samaki. Shemeji, mdogo wa mume wangu, akatumwa mjini kununua mkanda. Aliondoka mbio, bila kuchukua ule uliokatika.

Akarudi na mkanda mpya wenye herufi PK na mifereji minne kama wetu. Ulizunguka puli zote vizuri, lakini alteneta ilivutwa hadi mwisho wa nafasi yake na mkanda bado ukaning'inia. Kumbe tarakimu zinazofuata zile herufi ni urefu kwa milimita, na huo wa shemeji ulizidi. Katika kuvuta na kurudisha, bolti ya kurekebishia ikachomoka, ikadunda kwenye bampa na kupotelea ndani ya ndakala.

Tulipiga magoti sote. Mama akawakataza watoto wasikanyage, akachukua ungo na kuwapepeta samaki fungu kwa fungu huku kuku wakisogea karibu. Bolti ilipatikana. Fungu moja la ndakala halikupatikana tena.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe, mkanda wa zamani umefungwa mkononi. Muuzaji akailinganisha mikanda miwili kwa kuinyoosha kwenye kaunta, nami nikasoma namba kabla ya kutoa franka.

Ubishi mkubwa ulikuja kwenye kukaza. Shemeji alichukua mtaimbo, akaisukuma alteneta kwa nguvu zake zote hadi mkanda ukawa mgumu kama fimbo. Injini ilipowashwa, mlio wa zamani haukuwepo, lakini ulitoka mwingine, mwembamba, wa kuvuma. Mama akasimama, akamgeukia mume wangu: "Baba, mwambie mdogo wako aache. Mnauminya."

Jirani yetu mzee, aliyefanya kazi ya mashine miaka mingi, alisikia kutoka upande wa pili wa ua akaja. Akaamuru injini izimwe. Akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, katikati ya puli mbili pale ulipo mrefu zaidi. Haukusogea. Akalegeza bolti, akaubonyeza tena, akakaza kidogo kidogo hadi ukashuka kama sentimita moja kwa msukumo wa nguvu. "Ukilegea, betri haijazwi na maji hayazunguki," alimwambia shemeji. "Ukizidi kukazwa, unakula beringi za alteneta na za pampu. Hiyo pampu mtainunua kwa dola." Akaagiza utazamwe tena baada ya siku chache, kwa kuwa mkanda mpya hulegea kidogo ukianza kazi.

Jioni gari lilikwenda sokoni na ndakala waliobaki, taa zikiwa zimewashwa, bila mlio. Na siku ya kuutazama tena ilipofika, Mama ndiye aliyefungua boneti akabonyeza kwanza. Ulikuwa umelegea kweli. Mume wangu aliukaza, Mama akabonyeza tena hadi akaridhika. Sasa mkanda wa akiba, wenye namba ileile, uko chini ya kiti cha dereva, umefungwa pamoja na spana namba 12 na namba 14.