Gari Limebaki Marekani

Buffalo, New York

Wapendwa wote wa Tunduma,

Dhumuni la barua hii si kutuma hela wala kuomba hela, kwa hiyo waliokwisha kukaa mkao wa kula wanaweza kuinuka wakaendelea na shughuli zao. Mliobaki, sogezeni viti. Nina jambo la kuungama.

Mnajua nilivyokua. Kwangu mimi mpaka ulikuwa ua wa jirani. Mama alinituma Nakonde, upande wa Zambia, kama watoto wa kwingine wanavyotumwa dukani, na kwa kuwa saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, nilikuwa nikiondoka saa nne nafika saa tatu na robo. Njiani malori yamejipanga mpaka macho yanachoka, madereva wamefua na kuanika, wengine wameinjika ugali chini ya tela, na sisi tunapita na ndala zetu tukiwapungia mkono. Somo lilikuwa wazi hata kwa mtoto wa darasa la pili: mpakani magurudumu hulala, miguu hupita. Somo hilo nilikuja nalo Marekani na nikaishi nalo vizuri, mpaka siku niliponunua gari.

Sasa, kilomita 30 na ushei kutoka hapa Buffalo yako maporomoko ya Niagara. Mto ndio mpaka. Ng'ambo hii kuna mji unaitwa Niagara Falls, ng'ambo ya pili ni Canada na mji wao nao unaitwa Niagara Falls. Walishindwa hata kuweka "Juu" na "Chini" kama sisi tunavyofanya na vijiji vyetu. Upande wa Marekani una maporomoko yake, lakini yameielekezea Canada uso. Ukiwa Marekani unayaona ubavuni. Ndiyo mambo ya uso hayo: mwenye nao hauoni, anayeufaidi ni jirani wa mbele. Na yale makubwa zaidi, ya Horseshoe, sehemu kubwa iko kwao. Kwa hiyo kila anayekuja kutembea hapa lazima aulizwe: unavuka? Ukisema ndiyo, linafuata swali lenye ugomvi: kwa gari au kwa miguu?

Mke wangu alisema kwa miguu. Mimi nikasema haiwezekani mtu mwenye gari lake, tena lenye bima, aonekane akikanyaga lami mbele ya Wakanada. Basi Jumamosi moja ya Julai tukapakia mtoto, mwavuli na hotipoti, tukaenda.

Daraja linaitwa Rainbow Bridge. Lilifunguliwa mwaka 1941, na urefu wake ni mita 440 hivi, mwendo wa dakika chache tu kwa mtu asiye na haraka. Sisi tulilivuka kwa saa moja na dakika ishirini. Cha kuuma zaidi, malori hayaruhusiwi pale, kwa hiyo hata wa kumsingizia sikuwa naye. Foleni nzima ni magari madogo na mabasi ya watalii, kila mtu amekuja kustarehe na kila mtu amenuna. Tulipofika katikati, magurudumu ya mbele yakiwa Canada na ya nyuma yakiwa bado Marekani, mtoto akatangaza kwamba amebanwa. Mke wangu akanigeukia kwa ule upole mnaoujua: "Mume wangu, choo cha nchi gani kiko karibu?"

Wakati natafuta jibu, bibi mmoja mwenye mkongojo akatupita kando, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Tukasogea gari mbili. Tukasogea gari nyingine. Kabla hatujalifikia geti, yule bibi akatupita tena, safari hii anarudi Marekani, amevaa fulana mpya iliyoandikwa Canada kifuani.

Getini ofisa akauliza kwenye hotipoti mna nini.

"Chapati," nikasema.

"Na nini?"

"Na chapati nyingine."

Akauliza tutakaa muda gani. Nikasema saa mbili, nikisahau kwamba foleni ilishakula moja na nyingine ilikuwa inatusubiri wakati wa kurudi. Maegesho karibu na maporomoko nililipa nimefumba macho. Maji yenyewe tuliyaangalia dakika arobaini. Na hapa, ndugu zangu, hakuna ile saa ya Nakonde ya kurudishiwa: pande zote mbili zinafuata saa ileile.

Aliyeniponya ni jirani yetu, mzee wa Kirundi. Alikimbia kwao mwaka 1972 akiwa mtoto, na aliishi kambi za Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa. Nilipomsimulia alicheka mpaka akavua miwani. "Kijana, mimi nimevuka Burundi, Rwanda, Kongo na Tanzania kwa miguu. Wewe umeshindwa na daraja?"

Septemba, siku ya kazi, tukaenda naye. Gari tukaliacha upande wa Marekani. Njia ya miguu iko upande unaotazama maporomoko, hivyo kile ambacho nilikichungulia Julai kupitia bega la mke wangu, safari hii nilikiona chote: maji meupe yanashuka kulia na kushoto, ukungu unapanda kama moshi wa tanuru la mkaa, na mto uko chini yenu mita 60. Upepo ukanivua kofia. Ikaingia Canada bila kuulizwa pasipoti.

Katikati ya daraja kuna kibao kinachoonyesha mpaka unapopita. Watu hupiga picha hapo mguu mmoja huku, mwingine kule, nasi tukapiga. Mzee hakutaka picha. Alivuka mstari, akarudi, akavuka tena, akarudi. Nikamuuliza, Mzee, vipi? Akasema, "Huu ni mpaka wangu wa kwanza kuvuka kwa kutembea. Ile mingine nilikimbia." Tukamwacha avuke mara alizotaka. Kwenye daraja hatukuwa na wa kutuharakisha.

Na msidhani miguu ni ya wasio na uwezo. Mwaka 1859 Mfaransa Blondin alilivuka bonde la mto huu juu ya kamba, na safari moja alimbeba meneja wake mgongoni. Mwaka 2012 Nik Wallenda alitembea kwenye waya juu ya maporomoko yenyewe kutoka Marekani mpaka Canada. Alipokanyaga upande wa pili, maofisa wa mpakani walikuwa wanamsubiri, naye akatoa pasipoti aliyokuwa ameibeba njia nzima. Kwa hiyo hata ukija angani, utaonyesha karatasi. Lakini foleni hakupanga.

Miguu nayo ina aibu zake. Kutoka Marekani unapita bure, ila kurudi kuna kigeti cha chuma kinachodai dola moja, nacho siku ile kilitaka sarafu. Mimi mfanyakazi, mwenye kadi mbili za benki, nilisimama pale kama debe tupu. Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa sarafu, akanilipia mimi na mke wangu. Tangu siku hiyo hajaacha kunikumbusha nani alinirudisha Marekani.

Basi uamuzi wangu ni huu. Ukija kuangalia maji na kurudi siku hiyohiyo, tembea. Ukiwa na mgonjwa wa magoti, au unaendelea mpaka Toronto, chukua gari na uchukue na subira. Januari baki nyumbani: barafu ya mto huu ndiyo iliyolisukuma daraja la zamani likaanguka mwaka 1938, seuze wewe.

Baba, kwako nina neno la ziada kwa sababu unakuja mwakani. Viza ya Marekani haikuvushi. Sisi tunaoishi hapa na kadi ya ukaazi tunaingia Canada bila viza, ila tangu Aprili 2022 ni lazima tuonyeshe kadi hiyo pamoja na pasipoti halali ya Tanzania. Mgeni anahitaji viza ya Canada ya kwake, kwa hiyo iombe mapema, usingoje kufika darajani. Lete na viatu vya raba, zile ndala za Nakonde hazitafaa kwa upepo huu.

Dola ya kurudia nitakulipia mimi. Sarafu nimeshaanza kuweka.

Ni mimi mtoto wenu.