Mkia wa Jogoo wa Kinyangiri

Kinyangiri, wilayani Mkalama, alikuwapo Jogoo mwenye mkia mrefu hata vifaranga wakautumia kama kivuli. Cheo hakuwa nacho, ila mkia ulimtosha. Kesi za mitetea aliziamua kwa kuutikisa tu.

Usiku mmoja wa Desemba, mvua za kwanza zimeshanyesha, Kicheche akapenya ndani ya tembe. Jogoo alipona. Mkia haukupona.

Asubuhi ikaundwa Kamati ya Pole. Mwenyekiti akawa Mbuzi, katibu Bata. Ajenda ya kwanza ilikuwa pole kwa mwathirika, ya pili posho. Wakaanza na ya pili, kwa kuwa walikuwa kwenye majonzi. Posho yenyewe ilikuwa mashudu ya alizeti, na kwa mkoa wa Singida mtu hawezi kuyakosa hata akilala. Kisha wakapanga mstari. Kila mjumbe alimzunguka Jogoo kwanza, akatazama vizuri, ndipo akasema, "Pole sana, mzee. Yaani sisi wenyewe tukikuona kwa nyuma tunaumia."

Siku ya tatu Jogoo alikuwa akitembea ubavuubavu, mgongo ukutani. Ukuta ulipoisha, akatokomea porini.

Huko alimkuta Dundu akisukuma tonge la mavi ya ng'ombe kwa miguu ya nyuma, kichwa chini. Tonge likaporomokea mtaroni. Dundu akalifuata, akapanda juu yake, akazunguka kama anacheza ngoma, akashuka, akasukuma. Likaporomoka tena. Akapanda, akacheza tena.

"Shikamoo, bibi. Unafurahia nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Sifurahii, natafuta njia. Mchana tunaangalia jua, usiku ule utepe mweupe wa nyota. Huko Afrika Kusini watafiti waliwavalisha ndugu zetu vikofia vya karatasi ngumu ili wasione juu. Wakapotea vibaya. Wengine wakaingizwa kwenye jumba la nyota za kuigiza, Johannesburg. Matokeo yakatangazwa mwaka 2013, dunia nzima ikasoma."

"Mbona aibu kubwa hiyo!"

"Aibu ya nani? Ndugu zetu walikuwa na mavi yao. Hebu mfikirie mtu mzima, msomi, usiku wa manane yuko porini anamvisha dundu kofia."

Jogoo alicheka mpaka akaanguka chali, na hakukuwa na mkia wa kumzuia.

"Huo wako," Dundu akauliza, "ulikatwa au uling'olewa?"

"Uling'olewa."

"Basi una bahati. Ungekatwa, vishina vingebaki hapo mpaka msimu wa kunyonyoka. Unyoya ukitoka na shina lake, mwingine huanza kuota papo hapo."

"Umejuaje, bibi?"

"Maisha yangu yote nimeshinda chini ya mikia, mjukuu wangu."

Jogoo akarudi kijijini akitembea katikati ya njia. Jumamosi akapita mchuuzi wa kuku na tenga lake, wa kwenda Dar es Salaam. Akamtazama Jogoo mbele na nyuma, akasema, "Huyu ana mdondo," akamchukua jogoo wa jirani, yule aliyekuwa ameanza kurithi kesi za mitetea.

Mtama ulipofika magotini, mkia ulikuwa umechomoza, mfupi, unang'aa. Jogoo akaupeleka mbele ya Kamati, ambayo bado ilikutana kila wiki. Bata akafunua karatasi.

"Kwa mujibu wa muhtasari wa kikao kilichopita, ndugu, huna mkia."

"Si huu hapa?"

"Tunauona. Lakini bajeti ya pole imepitishwa mpaka Juni."

Jogoo akawatazama wajumbe, akatazama gunia la mashudu, akaukalia mkia wake mpya. "Basi niandikeni na mimi," akasema. "Mwathirika hapati posho?"