Regyuleta ya Kugandia Mdomoni: Mwongozo wa Mnunuzi Jasiri

Kwanza kabisa, usiulize chochote dukani. Anayeuliza huonekana mgeni, na wewe si mgeni: umeshapiga mbizi Nungwi, Mnemba na Mafia, ukaona kasa, ukarudi juu bila hata kutetemeka. Sasa unaishi Uingereza, maeneo ya Leicester, na wenzako wa kazini wamekualika Stoney Cove Jumapili moja ya Februari. Hapo ni machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, kina chake hufika kama mita 36, na mwezi huo maji huwa ya nyuzijoto nne au tano. Zanzibar yalikuwa ishirini na saba, lakini maji ni maji. Beba regyuleta yako ileile uliyotoka nayo pwani, ile nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaohesabu kilo za begi uwanja wa ndege.

Ikibidi ununue mpya, tazama rangi. Nyeusi yenye mstari mwekundu hutoka vizuri pichani. Kisha tazama bei, uchague iliyo chini kabisa, na hizo fedha zilizobaki zinunulie glovu nene, kwa sababu vidole ndivyo vinavyolalamika kwanza. Mapafu huwa na subira.

Kwa wale wenye tabia mbaya ya kutaka kujua chombo kinafanyaje kazi, naeleza kidogo. Mtungi mgongoni una hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200 au 232. Regyuleta inaipunguza kwa awamu mbili, kazi ambayo ndugu yake wa jikoni huifanyia gesi ya kupikia. Kichwa kinachofungwa mtungini huishusha hadi kama bar 10 juu ya shinikizo la maji, kisha kipande cha mdomoni humalizia. Na undugu huo na gesi haukuanza leo. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa na vali ya kuendeshea magari kwa gesi wakati wa uhaba wa petroli wa vita, ndipo Jacques Cousteau alipomwendea, na mwaka 1943 kifaa chao cha kupumulia kikawa tayari.

Ubaya wa hewa ni kwamba ikitanuka ghafla hupoa. Kutoka bar 200 hadi 10 ni mtanuko mkubwa, hata chuma cha kile kichwa hushuka chini ya sifuri huku maji yanayokizunguka yakiwa bado maji. Kwenye maji ya nyuzijoto 27 hilo halina madhara, maana bahari yenyewe inakipasha moto. Kwenye maji ya nyuzijoto nne, yale yaliyoingia kwenye springi ya kile kichwa huganda, barafu inakwamisha vali ikiwa wazi, na hewa inabubujika mdomoni kama haina mwenyewe. Mtungi wa lita 12 huisha ndani ya dakika chache. Unyevu wa pumzi yako nao unaweza kuganda kwenye kipande cha mdomoni na kuleta kioja hichohicho. Ukifika mita 30, kila pumzi inabeba hewa mara nne ya ile ya juu, kwa hiyo chuma kinazidi kupoa. Mnunuzi jasiri basi ashuke haraka, aheme kwa nguvu, na ajaze jaketi na suti kavu kwa wakati mmoja. Kabla ya kuingia, asimame ufukweni kwenye upepo wa baridi, avute pumzi nyingi kwenye regyuleta na kubonyeza kitufe cha kutoa hewa mara kadhaa ili wenzake wasikie kuwa inafanya kazi. Waoga huvuta pumzi ya kwanza wakiwa wameshaingia majini, na regyuleta yao huitunza kavu mpaka dakika hiyo.

Muuzaji akitaka kukuonyesha maandishi yaliyochongwa kwenye chuma, geuza uso. Ulaya kuna kiwango kiitwacho EN 250, ambacho maji ya baridi kwake ni yale yaliyo chini ya nyuzijoto 10, na majaribio yake ya baridi hufanyika kwenye maji ya nyuzijoto nne. Regyuleta isiyopita jaribio hilo huandikwa >10°C. Alama yenyewe ni ndogo, inakaa pembeni, na kuisoma kunahitaji sekunde mbili ambazo mtu mwenye shughuli nyingi hana.

Akianza kukueleza habari za kiwambo, mwambie una haraka. Angekuambia kwamba kichwa chenye kiwambo cha pili cha nje huziba springi yote, maji yasiiguse, shinikizo likaendelea kupita. Kwamba vichwa vya pistoni visivyozibwa huachia maji yaingie ndani. Kwamba kipande cha mdomoni cha chuma hupokea joto la maji na la pumzi vizuri kuliko cha plastiki. Angekutajia Apeks wa Blackburn au Poseidon wa Uswidi, watu waliozaliwa kwenye baridi na kutengenezea baridi. Tena ana tabia ya kupendekeza mtungi wenye vali mbili na kichwa cha akiba, ili kimoja kikigoma ukifunge na kuhamia kingine. Vyuma viwili, bei mara mbili. Mwache na biashara yake.

Tumefika kwa fundi, na hapa ndipo ujasiri unapotakiwa hasa. Utauliza: ninunue kutoka wapi? Kwenye mtandao, ndugu yangu, kutoka nchi ya mbali, chapa ambayo hakuna mtu mjini kwako aliyewahi kuifungua. Regyuleta hudai matengenezo kila mwaka au kila miaka miwili, au baada ya kupiga mbizi mara 100 hivi, kwa kadiri mtengenezaji anavyosema. Oringi zinabadilishwa, kichujio kinabadilishwa, kile kikalio ambacho vali inakifunga kinabadilishwa, kisha shinikizo linapimwa kwa geji na kurekebishwa. Vipuri hivyo watengenezaji wengi huwauzia mafundi waliowafundisha wenyewe tu. Wale wanaotoa vipuri bure maisha yote huweka sharti kwamba usiruke matengenezo hata mara moja, na kumbukumbu uwe nazo.

Najua unachowaza: kuna fundi wa mtaani. Namheshimu sana fundi wa Kariakoo. Amefufua redio zilizokwisha kuagwa. Ila sote tumewahi kurudishiwa kitu kimepona, pamoja na skrubu tatu mkononi: “Bosi, hizi zilikuwa za ziada tu.” Redio inaweza kuimba bila skrubu tatu. Kwenye regyuleta hakuna cha ziada.

Na usidhani matengenezo ni habari nyingine na baridi ni habari nyingine. Kikalio kikichakaa, shinikizo la kati, lile la bar 10, linapanda polepole, kipande cha mdomoni kinaanza kuvuja kwa mlio mwembamba wa nyoka. Hewa inayovuja inatanuka bila kupumzika, inapoza bila kupumzika, na hapo barafu imeshapewa njia. Kiwambo cha nje kikitoboka, maji yanaingia kwenye kile chumba kilichokuwa kikavu. Regyuleta ya maji ya baridi ambayo haijaguswa miaka mitano ni ya maji ya joto yenye maandishi ya uongo.

Kama ujasiri umeanza kukuishia, basi anza kinyume: mtafute fundi kwanza. Ingia duka la wazamiaji lililo karibu nawe na uulize ni chapa zipi wanazozihudumia hapohapo, nani ameisomea kazi hiyo, vipuri vipo rafuni au vinaagizwa, na itachukua siku ngapi. Ndipo uchague katika hizo, yenye EN 250 isiyo na alama ya kumi, iliyozibwa, na uombe ipimwe mbele yako. Wakikujibu kwamba wao huipeleka kwa wengine na hurudi baada ya wiki sita, waage kwa heshima. Na kati ya regyuleta bora duniani isiyo na fundi mjini kwako na ile ya wastani inayofaa baridi, ambayo fundi wake yupo umbali wa basi moja, nunua hiyo ya wastani.