Jinsi ya Kulishinda Ini Lako: Mwongozo kwa Mnywaji wa Gatongora

Mtu wa Gatongora hana kisingizio cha kulala na kiu. Kamakis iko pale, Thika Road iko pale, na mwisho wa mwezi hauko mbali kwa mtu anayejua kukopa. Kilichokosekana ni mwongozo. Huu hapa.

1. Kunywa mbio. Sheria ya 2010, ile tunayoiita Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, inataka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi. Kwa hivyo zipige bia tano kati ya saa tatu na saa tano. Ini nalo, kwa ukaidi wake, humaliza takriban gramu 10 za kileo kwa saa, na bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina zaidi ya gramu 16. Litafunga hesabu karibu saa kumi na moja alfajiri, makanga wakiita watu wa tao. Uombe tu dereva wako asiwe amesoma mwongozo huu.

2. Ogopa bia, inajaza tumbo. Chukua kachupa ka mililita 250 ka pombe kali ya asilimia 40. Kanaingia mfukoni mwa koti, na ndani yake mna kileo cha karibu bia tano.

3. Usile. Chakula hukichelewesha kileo kufika kwenye damu, na wewe una haraka. Mbuzi wa Kamakis mtazame tu akigeuzwa motoni.

4. Bei ikiwa ya kutupa, usiulize imetoka wapi. Methanoli haijitambulishi kwa ladha. Huingia kimya, ikageuka asidi ya fomiki na kuua neva za macho. Mei 2014 iliua makumi ya watu Embu, Kitui na hapa kwetu Kiambu. Februari 2024 pombe yenye sumu ikaua tena Kirinyaga. Wewe bila shaka una macho ya akiba.

5. Asubuhi kichwa kikigonga, tafuta ya kutoa loki. Kileo hukandamiza homoni inayozuia mkojo, ndiyo maana ulishinda chooni na ukaamka mkavu. Mwili unalilia maji, upe chang'aa. Kahawa nyeusi pia ni sawa: utabaki mlevi, ila mlevi aliye macho.

6. Ukikemewa, taja mila. Sema babu zetu walikunywa muratina. Usiseme kwamba ilikuwa ya wazee, tena kwa shughuli maalumu, na kijana hakuthubutu kuigusa.

Ukishindwa na masharti haya, basi fanya kama watu wengine: kula kwanza, kunywa polepole na maji katikati, simama mapema, na funguo za gari zibaki nyumbani. Ini ndilo afisa pekee nchini asiyepokea kitu kidogo.

Na ikiwa asubuhi mikono inatetemeka hadi uonje, usiache ghafla ukiwa peke yako, maana mwili uliozoea unaweza kupatwa na kifafa. Muone daktari, au piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Simu hiyo ni ya bure.