Barua ya Kutenguliwa

Vijana wa Wete, mkitenguliwa msilie. Januari 1988 Maalim Seif wa Mtambwe alivuliwa Uwaziri Kiongozi wa Zanzibar. 2010 akarudi Makamu wa Kwanza wa Rais. Oktoba 2014 Rais wa Zanzibar, Dk. Shein, mwana wa Chokocho, alimtengua Mwanasheria Mkuu wake, Othman Masoud, Mpemba mwenzake, siku chache baada ya bwana huyo kuzikatalia hadharani baadhi ya ibara za Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania. (Mwanasheria akasome sheria! Ufidhuli gani huo?) Februari 2021 Maalim akafariki; Machi, kiti chake akapewa nani? Othman. Siku hizi mwenye kuomba cheo kikubwa aulizwe kwanza: wewe umeshafukuzwa wapi?